Mwongozo Kamili: Kuchagua Rimu na Matairi ya Gari la Spoti Ili Yasipasuke Barabarani

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la spoti aliyebadilisha rimu, akapasukiwa na tairi, akanunua jingine la saizi ileile, nalo likapasuka. Mara nyingi lawama huangukia chapa ya tairi, au jua, au shimo la barabarani. Shimo lina sehemu yake, lakini katika matairi mengi yaliyopasuka ambayo nimeyafungua gereji, kosa lilikuwa limeshafanyika dukani, siku ile rimu zilipochaguliwa kwa macho.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: anayebeba gari ni upepo uliofungiwa ndani ya tairi, na mpira kazi yake ni kuushikilia upepo huo. Kila unapoongeza kipenyo cha rimu na kupunguza ubavu, unapunguza nafasi ya upepo, na upungufu huo ni lazima ulipwe mahali pengine. Hatua zote zinazofuata zinatafuta jinsi ya kuulipa.

Mfano nitakaoutumia ni Subaru Impreza WRX STI ya miaka ya 2001 hadi 2004, kwa kuwa magari haya yako mengi Nairobi, Dar es Salaam na Arusha, na wenye nayo hawakawii kuyabadilisha rimu. Toleo lake la kawaida lilitoka kiwandani na tairi 225/45R17 kwenye rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7.5 na ofseti (kipimo cha rimu kukaa ndani au nje) ya milimita 53. Kama lako ni gari jingine, badilisha tarakimu tu. Hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda dukani

- Geji ya upepo iliyo yako mwenyewe, kwa sababu geji za kujazia upepo mitaani hutofautiana sana.
- Kikokotoo cha simu, kalamu na karatasi.
- Rula ya milimita, tochi, na chaki nyeupe.
- Jeki, stendi za kuegemezea gari, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza nati.
- Picha ya kibandiko cha upepo cha gari lako.

## Hatua ya 1: Soma kibandiko cha gari

Fungua mlango wa dereva, uangalie kwenye nguzo yake. Magari mengi ya Japani yana kibandiko hapo chenye saizi ya tairi na upepo wa mbele na wa nyuma. Upepo huandikwa kwa kPa, na psi ni kipimo kingine cha mgandamizo uleule. kPa 100 ni sawa na psi 14.5, hivyo kPa 230 ni kama psi 33. Upepo huo hupimwa tairi likiwa la baridi, yaani gari limelala usiku kucha au limetembea kilomita mbili tatu tu polepole.

Usianze na saizi iliyofungwa kwenye gari sasa. Gari la mtumba huenda limebadilishwa rimu na watu watatu kabla yako, na ukiichukua saizi hiyo kuwa msingi utakuwa unarithi kosa la mtu usiyemjua. Kama kibandiko kimebanduka, tumia kitabu cha gari la mwaka na toleo hilohilo.

Umefaulu hatua hii ukiwa na mambo manne kwenye karatasi: saizi ya kiwandani, upepo wa mbele, upepo wa nyuma, na namba ya uzito pamoja na herufi ya mwendo. Namba na herufi hiyo ndiyo hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Elewa maandishi ya ubavuni

Chukua 225/45R17 91W. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, si milimita, na hapa ndipo wengi hukosea. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni alama ya uzito: 85 ni kilo 515, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615, 92 ni kilo 630, 95 ni kilo 690. Herufi ya mwisho ni mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba herufi W haina kazi kwa mtu asiyevuka kilomita 120 kwa saa. Herufi hiyo, hata hivyo, hutolewa baada ya tairi kujaribiwa kama linastahimili joto la mwendo huo. Gari lililobeba watu wanne na mizigo, saa saba mchana, kati ya Voi na Mtito Andei, linahitaji akiba hiyo ya joto hata likienda 100. Usishuke chini ya herufi ya kiwandani.

## Hatua ya 3: Linda kipenyo cha nje

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu upate kimo cha ubavu, kizidishe kwa mbili, kisha ongeza kipenyo cha rimu, ambapo inchi moja ni milimita 25.4.

Kwa 225/45R17, ubavu ni milimita 101.25, rimu ni milimita 431.8, na kipenyo chote ni milimita 634.3. Sasa linganisha na saizi zinazopendwa. 225/40R18 ni milimita 637.2, tofauti isiyofika asilimia moja. 235/40R18 ni 645.2, karibu asilimia 1.7 zaidi. 235/35R19 ni 647.1, asilimia 2 zaidi, na ubavu wake umebaki milimita 82 tu.

Wengi huruhusu tofauti hadi asilimia 3. Mimi nashauri isizidi 2, na kwa gari lililoshushwa isizidi 1, kwa sababu kila milimita inayoongezeka hutafutiwa nafasi chini ya fenda iliyokwisha kusogea. Tairi linalosugua fenda hukatika nyuzi polepole kwa wiki kadhaa, halafu hupasuka siku ambayo hakuna shimo wala msumari.

Onyo kwa magari yanayovuta kwa matairi manne. Matairi yote manne ya Subaru yawe ya saizi moja, chapa moja na kashata (vipande vya mpira vinavyogusa lami) zilizolika sawasawa. Tofauti ya milimita moja ya kashata huzaa tofauti ya zaidi ya milimita 6 katika mzunguko wa tairi, na difu ya katikati (giya inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) huilipia tofauti hiyo kwa joto muda wote gari linapotembea. Kununua mawili mapya na kuyachanganya na mawili ya zamani kunaokoa fedha leo na kuua difu kesho.

## Hatua ya 4: Hesabu uzito na upepo

Hatua hii isomwe mara mbili, kwa kuwa ndiyo inayopasua matairi mengi kuliko nyingine zote.

Alama ya uzito haisimami peke yake. Inakwenda na upepo. Kwa viwango vya Ulaya, tairi la kawaida lenye alama 91 hubeba kilo 615 likiwa na kPa 250, yaani psi 36. Tairi lenye herufi XL limeimarishwa ili listahimili upepo zaidi, na alama yake ya uzito hupimwa likiwa na kPa 290, yaani psi 42.

Sasa tazama mtego ulipo. 225/40R18 huuzwa kwa alama mbili: 88, ambayo ni kilo 560, na 92 XL, ambayo ni kilo 630. Mnunuzi mwangalifu anaona kwamba 92 imeizidi 91 ya kiwandani, anachukua XL, anafurahi, kisha anajaza upepo uleule wa kibandiko. Kwa upepo huo, XL yake haibebi kilo 630 hata kidogo. Inabeba karibu sawa na ile ya 88 aliyoikataa.

Tuchukue kibandiko kinachosema kPa 230. Tairi la kiwandani la 91 kwa upepo huo hubeba takriban kilo 575. Tairi la 92 XL kwa upepo huohuo hubeba takriban kilo 523. Kila gurudumu limepoteza zaidi ya kilo 50, na gari zima limepoteza zaidi ya kilo 200, ilhali mwenye gari anaamini ameongeza. Ili XL hiyo irudi kwenye kilo 575, inahitaji karibu kPa 260, yaani psi 37 au 38. Ongezeko ni psi 4 tu, nalo ndilo linaloamua kama tairi litafika Dodoma au litaishia Gairo.

Sababu yake ni hii. Tairi la kipenyo cha milimita 634 likienda kilomita 100 kwa saa huzunguka karibu mara 14 kila sekunde. Kila mzunguko, ubavu hukunjwa unapogusa lami na kunyooka unapoachana nayo. Upepo ukiwa pungufu, mkunjo huwa mkubwa, mpira hupata joto, gundi iliyoshika nyuzi hulegea, na mwishowe ubavu huachia wote kwa pamoja.

Kijana mmoja aliniletea tairi la inchi 18 lililopasuka likiwa na umri wa miezi miwili, akitaka kulirudisha dukani kama bovu. Nilipolitoa kwenye rimu, unga mweusi ulimwagika mezani kama kahawa iliyosagwa. Ndani ya ubavu kulikuwa na mstari uliochakaa, umezunguka tairi lote, na nyuzi zimeanza kuonekana. Unga ule ni mpira wa ndani uliojisaga wenyewe kwa kukunjwa. Tulipima matatu yaliyobaki: psi 29, 30 na 28. Tairi halikuwa na ubovu wowote lilipotoka dukani.

Kwa hiyo amua hivi: chagua alama ya uzito isiyo chini ya ya kiwandani, ukichukua XL, ongeza upepo kama psi 4 juu ya kibandiko, na usivuke kamwe kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye ubavu. Hesabu hii ni ya 92 XL tu. 215/40R18, ambayo wengi hulazimisha kwa sababu ya bei, ni alama 85 au 89 XL. Kwa Impreza iliyotoka na 91, zote mbili ni ndogo.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja: «Tairi langu ni la alama fulani, na litajazwa psi fulani likiwa baridi.» Ibandike sentensi hiyo karibu na kile kibandiko cha zamani, ili mjaza upepo asijaze kwa mazoea.

## Hatua ya 5: Linganisha upana wa rimu na wa tairi

Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu inayoruhusiwa. 225/45R17 hukaa kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8.5. 225/40R18 hukaa kwenye inchi 7.5 hadi 9, na 8 ndiyo inayoifaa zaidi. 235/40R18 hukaa kwenye inchi 8 hadi 9.5.

Mtindo wa kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana sitauelezea namna ya kuufanya. Ubavu uliolazwa hauwezi tena kulinda ukingo wa rimu. Shimo dogo linagonga chuma moja kwa moja, na kona kali inaweza kuung'oa mdomo wa tairi kwenye rimu upepo ukatoka wote kwa sekunde moja. Kinyume chake, tairi pana kwenye rimu nyembamba huvimba mbavu na kuyumba kwenye kona, na joto hurudi palepale.

Kuhusu kipenyo cha rimu, ushauri wangu ni mfupi: kwa barabara zenye matuta yasiyopakwa rangi na mashimo yanayojificha chini ya maji, inchi 17 inatosha, na 18 ndiyo mwisho. Ubavu wa milimita 101 una nafasi ya kubonyea bila kubanwa kati ya shimo na rimu. Ule wa 82 hauna.

## Hatua ya 6: Ofseti, tundu la katikati na nati

Ofseti hueleza rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Tukitoka rimu ya 7.5 ofseti 53 kwenda 8.5 ofseti 35, upana umeongezeka inchi moja, hivyo kila upande hupata milimita 12.7. Ofseti imepungua 18. Ukingo wa nje unatoka milimita 30.7 zaidi, na ukingo wa ndani unaachana na shokapu kwa milimita 5.3. Gari litasugua fenda. Ukichukua 8.5 ukaacha ofseti 53, nje unatoka milimita 12.7 tu, lakini ndani unaisogelea shokapu kwa kiasi hichohicho. Pima kwa rula nafasi iliyopo sasa kati ya tairi na shokapu kabla ya kulipa. Baada ya mabadiliko isipungue milimita 5.

Impreza hizi zina nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, ilhali rimu nyingi za Toyota za nati tano ni za milimita 114.3. STI za kuanzia 2005 zilihamia 114.3, kwa hiyo uliza mwaka, usiulize jina la gari pekee. Tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, na la Toyota nyingi ni 60.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi ifungwe na ringi ya kujaza pengo hilo, la sivyo usukani utatetemeka hata balansi ikiwa sahihi.

Onyo la nati. Nati za Subaru na za Toyota zinafanana unene, lakini njia zake (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata, kwa milimita) ni tofauti: Subaru ni 1.25 na Toyota ni 1.5. Nati ya Toyota itaingia mizunguko miwili kwenye stadi (boliti inayoshika rimu) ya Subaru, kisha itagoma, na fundi mwenye haraka ataimalizia kwa bunduki ya upepo. Stadi hiyo imeshakufa. Anza kila nati kwa vidole. Isipozunguka kwa vidole angalau mara tano, si yake.

Mwisho, geuza rimu uangalie nyuma. Rimu za Japani zilizopimwa huwa na alama JWL (kiwango cha Japani cha rimu za aloi), na nyingi zina VIA (alama ya uthibitisho wa chombo huru) pia. Rimu isiyo na alama yoyote wala kiwango cha uzito iache dukani, hata iwe nzuri namna gani.

## Hatua ya 7: Kagua tairi kabla ya kulipa

Tafuta maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Usipoziona, zungusha tairi, kwani mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Tairi linaloitwa jipya lakini lina zaidi ya miaka 2 silinunui, na lenye zaidi ya miaka 6 silifungi kwenye gari la spoti hata kama kashata zake ni nzima.

Matairi ya mtumba nayaogopa kwa sababu moja: huwezi kujua kama yalitembea bila upepo. Ukilazimika, yafunguliwe, umulike ndani kwa tochi. Ukiona unga mweusi, mstari wa mkunjo, au kiraka kilichobandikwa karibu na ubavu, ondoka. Kiraka halali huwekwa kwa ndani, kwenye sehemu ya kashata tu, na tundu lisizidi milimita 6. Kamba inayosokomezwa kwa nje ni ya kukufikisha kwa fundi, basi.

## Hatua ya 8: Funga, kisha jaribu kwa chaki

Badilisha valvu kila unapobadilisha tairi. Angalia alama ya mshale wa mzunguko na ile ya upande wa nje. Nati zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, gari likiwa limeshushwa, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kisha paka chaki nyeupe kwenye bega la kila tairi (pale kashata zinapokutana na ubavu), ndani na nje. Pakia watu wanne. Kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, pita tuta polepole, ingia na kutoka mahali penye mteremko. Simama, umulike kwa tochi. Chaki ikiwa imefutika bila tairi kugusa ardhi hapo, kuna kitu kinasugua, na hakuna safari ndefu mpaka kipatikane. Usikubali ushauri wa kukata ukingo wa fenda au kuongeza spesa (bamba la kusogeza rimu nje) kabla hujarudi hatua ya 6 na kuangalia kama rimu ni sahihi.

Ukimaliza, fanya wili alaimenti. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena.

## Hatua ya 9: Kilomita elfu moja za kwanza

Pima upepo asubuhi, mara moja kwa wiki. Baada ya saa moja ya mwendo utaukuta umepanda psi 4 au zaidi. Huo ni wa joto, usiupunguze. Anayeupunguza Chalinze mchana atakuwa na tairi pungufu kesho asubuhi. Upepo ukipanda kwa zaidi ya psi 6, anzia na upepo mwingi kidogo siku inayofuata au punguza mzigo, kwa maana mbavu zinakunjwa kupita kiasi.

Kwa gari lililoshushwa, kata usukani na upapase bega la ndani la tairi kwa mkono kila wiki mbili, gari likiwa limezimwa. Gurudumu lililolala kwa juu kuelekea ndani hula bega la ndani hadi nyuzi, huku upande unaouona ukiwa bado na kashata za milimita 5. Ukipapasa nyaya zinazochoma, tairi hilo halitembei tena hata kurudi nyumbani. Funga la akiba.

Ukigonga shimo kwa nguvu, tafuta uvimbe ubavuni siku hiyohiyo na tena baada ya siku tatu, kwa sababu nyuzi zilizokatika huchukua muda kuachia upepo ujipenyeze. Uvimbe wa ukubwa wa nusu ya ndimu hauzibwi wala hausubiriwi mwisho wa mwezi. Toa tairi, na uikague rimu kwa ndani kama imepinda kabla hujavalisha jipya.